Mgeni Chini ya Ini

Panya alikuwa amekufa, hilo halikuwa na ubishi. Alilala chali kwenye trei ya nta, miguu yote minne imebanwa kwa pini, tumbo limefunguliwa kama koti. Lakini chini ya ini lake kulikuwa na kitu cheusi, ukubwa wa punje ya haragwe, na kitu hicho kilikuwa kinadunda.

Msichana aliyeshika kisu alichungulia trei ya jirani. Ini, tumbo, bandama, basi. Akashusha pumzi kwa hasira. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu kuhangaika na biolojia ya kidato cha sita. Nadharia aliimeza yote. Kilichomwangusha kila mara ni vitendo. Nyumbani walishambandika jina la Daktari, na siku hizi jina hilo lilimchoma kuliko tusi. Chuo cha udaktari kilikuwa na kikomo cha umri. Akianguka safari hii, ndoto imekwisha.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

Mwalimu wa biolojia akainama. "Ini."

"Chini yake, mwalimu. Hiki kinachodunda."

"Maiti ana kipi cha kudunda, binti?" Darasa likaangua kicheko. "Chora unachokiona, si ulichokariri kitabuni. Na kila kiungo kiwe na jina lake. Kisicho na jina hakina maksi. Tumeelewana?"

Haya, akachora anachokiona. Karatasi ikarudi na wino mwekundu: Hiki nini? Sifuri. Wiki iliyofuata alipewa panya mwingine, na kidude kilikuwa kinamsubiri palepale. Akajaribu kukiruka, macho yakamrudia palepale mpaka mistari yote ikaenda upogo. Sifuri tena. Mara ya tatu uvumilivu ulimwishia. Akavuta mstari kutoka kwenye kile kidude, na kwa ukaidi tu akaandika pembeni kwa penseli: Mgeni.

Kidude kikaacha kudunda, kama mtu aliyesikia akiitwa.

Jioni ile, hata viatu hajavua, mama yake alimsemesha bila kuinua macho kwenye cherehani. "Mbona mgeni wako humkaribishi ndani?"

"Mgeni gani, mama?"

"Huyo uliyekuja naye. Nimesikia miguu."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Ila nyumba nzima ilianza kunuka harufu tamu ya klorofomu, ile ya kuulia panya maabara, na kaka yake akatania kutoka kwenye kochi, "Daktari, umetuletea dawa ya usingizi?" Akacheka, akapiga miayo, akalala. Kesho yake alikuwa bado amelala. Daktari alikwenda kumwamsha, akamtikisa bega, akamwita, akamwita tena kwa sauti ya chini ili mama asisikie, na shati la kaka yake lilipopanda akaona, upande wa kulia, chini kidogo ya mbavu, mahali ambapo moyo haukai, ngozi ikiinuka na kushuka, ikiinuka na kushuka, kwa mdundo uleule.

Waliitiwa mganga, mama mmoja mzee asiyependa maneno mengi. Akaweka kiganja juu ya mdundo.

"Nani kakuleta?"

Midomo ya kaka ikafunguka, macho yamefumba. "Nimekaribishwa. Nimeandikwa. Mnafukuza mgeni ninyi?"

"Mwenyeji wako nani?"

Kidole cha mgonjwa kikainuka taratibu, kikamwelekea Daktari.

Daktari akaeleza yote, mpaka neno aliloliandika, na mganga akataka mchoro uletwe na neno lifutwe. Daktari akafuta lile neno kwa ufutio mpaka karatasi ikatoboka. Kaka akatapika maji meusi, akaketi, akaomba chai. Mama akalia kwa furaha. Daktari hakulia.

"Utamwona tena," mganga alimnong'oneza. "Ukimwona, jifanye humwoni. Usimchore, usimpe jina. Akichoka atatafuta mwenyeji mwingine."

"Lakini bibi, mtihani wenyewe ni kuchora ninachokiona!"

"Hayo ya shule siyajui, mjukuu wangu."

Siku ya mtihani kilikuwepo. Kilikuwa kimenenepa, kinadunda hadi ini lote likawa linapanda na kushuka, na kadiri alivyokikwepa ndivyo harufu ile tamu ilivyomjaa puani, na pumzi ya mtu asiyeonekana ikamgusa sikio, ikamnong'oneza kwa sauti ya kaka yake, niandike, mwenyeji wangu, niandike tu nitakufaulisha, naye akauma meno, akachora panya wa kitabuni, ini, tumbo, bandama, mstari kwa mstari, machozi ya hasira yakimdondokea mkononi. Alipoandika jina la mwisho, pumzi ikaondoka sikioni. Akasikia nyayo zikihamia meza ya kulia.

Msichana wa meza ile akainua mkono. "Samahani, msimamizi. Hiki kinachodunda hapa kinaitwaje?"

"Hakuna maswali," msimamizi akajibu. "Andika unavyojua mwenyewe."

Jirani akabaki anatafuna penseli, akitafuta neno. Daktari angeweza kumwambia asikiandike. Ingetosha kunong'ona mara moja, na kunong'ona mara moja kungetosha pia kumtoa nje na mtihani wake kufutwa. Akautazama mchoro wake, msafi, wa kwanza kutoka msafi kwa miaka mitatu, akanyamaza.

Penseli ya jirani ikaanza kuandika. Daktari alifurahi, na alijua kwamba amefurahi.