Maziwa ya Taweret

Haya alinisimulia rafiki yangu Mwanne, fundi cherehani wa Bwiza, nami namwamini. Alikuwa na mtoto wa siku nne, na maziwa yake yalikuwa hayajatoka. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

Dada yake Lubna, aliyesoma Kairo, aliweka kando ya kitanda kisanamu cha kiboko jike mwenye tumbo la mimba.

“Huyu ni Taweret,” alisema. “Wamisri wa zamani walimwomba alinde wazazi na vichanga.”

“Mi nimechoka, dada. Weka tu.”

Lubna akaenda Nyakabiga kutafuta maziwa ya kopo. Jioni ilipoingia Mwanne alitoka uani kuanua nepi, umeme ukakatika. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Ndani, kilio kikakoma ghafla. Akasikia pumzi nzito, kama ya mnyama aliyetoka majini, kisha sauti ya kumeza, polepole, bila haraka yoyote.

Alipapasa ukuta gizani mpaka kitandani. Mtoto alikuwa amelala, tumbo limejaa. Mwanne akagusa kifua chake mwenyewe, kilikuwa kikavu. Akainama kumbusu mwanawe. Midomo ilikuwa imelowa maziwa ya vuguvugu, yenye harufu ya tope la ziwani.