Vimondo Vinne Juu ya Paa

Nakala ya jarida ilikuwa moja tu kibandani, na mikono miwili iliishika kwa pamoja. Mmoja ulikuwa wa mshonaji mwenye gauni la buluu, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Wa pili ulikuwa wa kijana mrefu mwenye miwani minene.

"Kaka, niachie. Nimeshalipa."

"Chukua, dada. Yaliyomo nayajua, makala ya nyota nimeandika mimi."

"Wewe? Na miwani hiyo, nyota unaziona?"

Wakacheka. Kabla muuza magazeti hajarudisha chenji, walikuwa wamekwisha kupeana namba za simu. Kwa miezi miwili walipigiana kila jioni. Kijana akimwita "fundi wangu", naye akiitwa "bwana nyota".

Kisha kijana akaandika jaridani kwamba mvua ya vimondo ingeleta vimondo mia moja kwa saa. Mshonaji akamshika mkono mama yake, mwenye maumivu ya magoti, wakapanda ghorofa tano hadi juu ya paa. Kwa saa nzima wakahesabu vimondo vinne.

Asubuhi akapiga simu.

"Umempandisha mama yangu ghorofa tano kwa uongo! Tumehesabu vimondo vinne tu!"

"Si uongo, mpenzi. Mia moja ni hesabu ya mahali penye giza totoro. Hapa mjini taa huvifunika."

"Hayo uliyaandika wapi?"

"Mhariri alisema yangepunguza hamu ya wasomaji."

"Mimi nikikosea kipimo, nafumua gauni zima. Nawe fumua, ndipo unipigie."

Akakata.

Mwezi mzima cherehani ilinguruma, simu ikanyamaza. Toleo jipya lilipotoka, alilinunua huku akijilaumu, akamsomea mama yake kwa sauti: "Msomaji wa mjini alihesabu vimondo vinne. Yeye ndiye sahihi. Mimi nilikosea kwa kutoeleza kwamba mia moja ni kwa anga lisilo na taa."

Mama akasugua magoti yake.

"Haya yamemsamehe. Wewe unangoja nini?"

Simu haikuita hata mara mbili.

"Umefumua kweli," alisema mshonaji. "Mhariri je?"

"Nilimwambia achapishe hayo au atafute mwandishi mwingine. Alinuna siku tatu. Fundi wangu, nataka kukuoa."

"Unaniahidi nini?"

"Mia sithubutu tena. Naahidi vinne."

Mshonaji akacheka mpaka utepe ukamdondoka shingoni.

"Basi njoo Jumapili umwambie mama. Atakungoja juu ya paa. Ghorofa unazijua ni ngapi."