Kazi Nyepesi ya Kalondu

Kamene na binti yake Kalondu walifanya kazi katika shamba la kahawa karibu na Ruiru. Mama alichuma kahawa. Kalondu aligeuza buni kwenye meza za kukaushia.

Kalondu alizaliwa zeruzeru. Ngozi yake ilikuwa nyeupe na nywele zake za manjano. Mama yake ndiye aliyemwombea kazi ya mezani.

"Haina mizigo," alisema. "Mwanangu asichoke."

Lakini meza za kahawa hazina kivuli. Kalondu alisimama juani kutwa. Kila asubuhi mama alimpaka mafuta ya ng'ombe, akiamini yanazuia jua.

"Kalondu!" alicheka Kagwe, nyapara wao. "Leo nzi watateleza usoni pako!"

"Wateleze waje kwako," alijibu Kalondu.

Kwenye ncha ya sikio lake palikuwa na kidonda. Kilifanya gaga, gaga likabanduka, damu ikatoka tena. Msimu mzima kilikuwa hivyo. Siku moja damu ilidondoka juu ya buni. Kagwe hakucheka. Alimpeleka yeye na mama yake kwa Ephantus, dresa aliyetibu wafanyakazi wa shamba.

"Ni wembe tu," Kamene alimwambia dresa. "Mimi humnyoa."

Ephantus alikitazama kidonda kwa makini. "Mama Kalondu, mkato wa wembe hupona upesi. Kidonda kikipita mwezi bila kupona, ni lazima kipimwe. Huenda hii ni kansa ya ngozi."

"Kansa! Mtoto wangu atakufa?"

"Kikiwa kidogo, hukatwa kikaisha. Kikiachwa, kitakula sikio, kisha kiingie ndani. Hapo ndipo huua. Kesho nendeni hospitali ya Thika."

Kamene alianza kulia. "Nami nilimtafutia kazi nyepesi!"

"Kazi ni nyepesi, lakini jua lile si jepesi. Ngozi yangu na yako ina rangi ya kuikinga. Yake haina, na mafuta hayasaidii. Anahitaji kivuli, mikono mirefu na kofia pana."

Hospitalini daktari alikata ncha ya sikio, ugonjwa ukaondoka nayo. Kalondu aliporudi, alimwendea Kagwe.

"Naomba kazi ya kuchagua buni bandani."

"Bandani ni kwa akina mama wazee."

"Basi nihesabu mzee."

Kagwe alicheka, akakubali. Kamene naye alisuka kofia ya mkonge, kwa ufundi ule ule wa kusuka kikapu cha kiondo. Ukingo wake ulifunika masikio na shingo.

"Sasa umevaa kiondo!" alisema Kagwe.

"Ndiyo, na nzi hawatelezi tena."

Kila Jumapili, kabla ya kanisa, Kalondu aliketi mlangoni penye mwanga. Mama alimkagua uso, midomo, masikio, mikono na mgongo. Jumapili moja alisimamisha kidole shingoni.

"Hapa pana kipele kigumu. Kimeanza lini?"

"Sijui, mama. Mimi sioni nyuma."

Asubuhi yake, kabla kengele ya kazi haijalia, walikuwa mlangoni kwa Ephantus. Kipele kilikatwa Thika kikiwa kidogo kama punje ya mtama. Safari hii Kalondu alirudi na kovu dogo tu, na huwezi kuliona mpaka avue kofia.