Paka wa Mboni

Likizo ya mwaka 1974, mama zetu walipokuwa wakipalilia shamba la kijiji, nilimsaidia Bi Zubeda kulea watoto wa chekechea. Asubuhi niliwanawisha mikono, nikawaimbisha, kisha nikawagawia uji. Nilikuwa darasa la sita na nilijiona mwalimu kamili.

Wiki moja aliletwa Mboni, mtoto wa miaka mitano. Familia yake ilikuwa imehamishwa kwa lori kutoka upande wa Kibuta kuja kijijini kwetu. Paka wake aliogopa mngurumo wa lori, akakimbilia vichakani. Baba yake alirudi mara mbili kumtafuta, asimwone. Siku ya tatu Mboni alikuwa bado analia, na uji hagusi.

Nilimbembeleza, nikamwahidi muwa. Wapi! Nikawaambia wenzake wampe pole, nao wakaigeuza wimbo: "Pole, pole, mlia paka." Mboni akaficha uso kwenye gauni lake. Nikachoka, nikamkemea, "Nyamaza bwana, paka tu huyo."

Alilia hadi akatapika. Sikujua tena la kufanya. Machozi yakanilengalenga na mimi.

Bi Zubeda akaweka mwiko chini. "Mwamini, babu yako alipofariki, watu walikuja kwenu kufanya nini?"

"Walikaa nasi mkekani."

"Walimrudisha?"

"Hapana, bibi."

"Mbona hamkuwafukuza?"

Nikatandika mkeka karibu na Mboni, nikaketi. Watoto wakanifuata mmoja mmoja, kimya, kama walivyowaona wakubwa msibani. Safari hii hakuna aliyeimba.

Baadaye Hemedi, mdogo kuliko wote, akauliza, "Paka wako anaitwa nani?"

"Chausiku," Mboni akajibu kwa kwikwi. "Analala miguuni kwangu."

"Sasa miguu inapata baridi," Hemedi akasema.

Mboni akaitikia kwa kichwa. Alilia tena, ila taratibu, akimwegemea Hemedi. Nilipomletea uji, alikunywa nusu kikombe. Nikamwomba radhi kwa maneno yangu.

"Paka hatuna uwezo wa kumleta," Bi Zubeda aliniambia tukiosha vikombe, "na kesho atalia tena. Huzuni ya mwenzako usiipime kwa macho yako, wala usimharakishe anyamaze. Kaa naye, muulize, msikilize."

Kweli, kesho yake Mboni alilia. Kabla sijainuka, watoto walikuwa wameshatandika mkeka.