Ripoti ya Odeta

Stendi ya Nyegezi ilijaa watu na mizigo siku Odeta aliposhuka kwenye basi na kiatu kimoja mkononi, kisigino kimekatika. Alivaa gauni la kitenge cha njano, na mguu wake mtupu ulirukaruka juu ya lami ya saa nane mchana.

"Dada, utaiva," alisema mwanamume mmoja aliyekuwa akisubiri kifurushi cha vipuri.

"Acha niive. Nyumbani wana njaa."

Mwanamume akacheka, akavua kandambili zake, akazisukuma mbele ya miguu ya Odeta.

"Na wewe je?"

"Mimi fundi wa mafriji. Miguu yangu ina baridi ya akiba."

Akambebea begi mpaka kwenye teksi, peku, akijifanya haungui. Jina lake Luhaga.

Odeta alikuwa muuguzi Marekani, na uraia alishapata huko. Mwanza alikuja likizo. Luhaga naye aliwahi kusoma huko. Akapitiliza muda wa ruhusa yake kwa miaka miwili, kisha akarudi mwenyewe kumuuguza mama yake. Kwa kosa hilo alizuiwa kuingia tena kwa miaka kumi. Walioana likizo iliyofuata, kanisani Sengerema, na baada ya wiki tatu Odeta akarudi kazini peke yake.

Wakili wao alisema njia ipo. Odeta apimwe na mwanasaikolojia. Ikithibitika kwamba anaumia mno kuishi bila mumewe, Luhaga anaweza kusamehewa.

"Hali yako ikoje?" mwanasaikolojia alimuuliza.

"Nzuri, namshukuru Mungu."

"Na mumeo kuwa mbali?"

"Tunavumilia. Wapo wenye shida kuliko sisi." Kisha Odeta akamtazama vizuri yule mama. "Pole na kikohozi, daktari. Jaribu tangawizi."

Ndivyo alivyolelewa. Kwao hata aliyefiwa huitikia nzuri kwanza, na ya moyoni huyatoa akiulizwa mara ya pili, au ya tatu. Mwanasaikolojia hakuuliza mara ya pili. Aliandika: *Anamudu maisha vizuri. Kutengana na mumewe hakujamwathiri.*

Wakili akawatumia nakala ya ripoti wote wawili. Luhaga aliisoma ndani ya karakana yake ya mtaa wa Mirongo, Mwanza, kati ya mafriji yaliyofunguliwa milango. Jioni simu ikalia.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Na wewe nasikia unamudu vizuri."

"Luhaga, yale ni maneno ya daktari."

"Daktari aliyatoa wapi? Mimi huku nafunga kazi mapema, mikono inakataa. Kumbe mwenzangu hajaathirika. Pumzika, Odeta. Nimechoka."

Wiki tatu Luhaga hakupokea simu. Wakili akaomba mahojiano ya pili, na Odeta akaomba likizo. Akatokea karakanani bila taarifa, kwa fulana pana na nywele zilizofungwa ovyo. Luhaga aliona jinsi mashavu yalivyoingia ndani.

"Hukupokea simu zangu."

"Nilidhani hutaki usumbufu."

"Saa tisa nina mahojiano kwa video. Nipe chumba chenye mtandao, halafu ukitaka unifukuze."

Luhaga alimfungulia chumba chake cha nyuma, akafuta meza, akaweka glasi ya maji. Kisha akaenda kumwomba jirani yake, fundi wa kuchomelea, asimamishe mashine kwa saa moja. Jirani akaizima bila kuuliza sababu. Kimya kikatanda, na kutoka mlangoni Luhaga akasikia kila neno.

"Daktari, mara ile nilikujibu kama mtu anavyomjibu mgeni. Kwetu mgeni hatumpakulii machozi."

"Basi nikuulize tena," alisema mwanasaikolojia, polepole. "Hali yako ikoje?"

Odeta alisogeza glasi pembeni.

"Siyo nzuri. Nikitoka zamu nakaa garini hata saa nzima. Sitaki kufungua nyumba isiyo na mtu. Usingizi sipati. Juzijuzi nusura nimpe mgonjwa dawa isiyo yake. Muuguzi mwenzangu akanishika mkono, wala hakunisema kwa mtu."

"Na mumeo akikataliwa?"

"Sijui. Nikifikiria mpaka hapo, nasimama."

Mahojiano yalipokwisha Luhaga aliingia, akamkuta Odeta anafuta machozi, akaketi kitandani.

"Mbona hukuniambia?"

"Ili uumie mara mbili?"

"Na haya machozi ya leo ni yangu? Au umeililia karatasi?"

"Karatasi nimeililia dakika tano," alisema Odeta. "Wewe nakulilia huu mwaka wa pili."

Luhaga akampisha nafasi kitandani. Akamvuta. Odeta akalaza kichwa kwenye paja lake, akashika shati lake lenye mafuta ya mashine, na kabla hajasamehewa wala kusamehe, usingizi ukamchukua.

Simu ya Odeta ikatetema. Luhaga akainyakua bila kusogeza mguu uliokwisha kufa ganzi. Alikuwa wakili.

"Nimeongea na daktari, ripoti anaiandika upya. Namhitaji Odeta asaini fomu sasa hivi."

"Amelala."

"Mwamshe tu. Dakika mbili."

Luhaga akamtazama mkewe, mdomo wazi kidogo, akihema kama mtu aliyetoka mbali.

"Wakili, sisi tumezisubiri ofisi zenu miaka miwili," alisema kwa sauti ya chini. "Leo nazo zimsubiri mke wangu aamke."