Kibao Shingoni mwa Jasmine

Ndugu zangu, sogeeni niwaambie yaliyoipata nyumba ya kaka yangu Ebeneza, pale Mahongole, Makambako. Ilikuwa nyumba ya maneno mengi. Baridi ya jioni ilipoingia, mama yetu mzazi alisogea karibu na jiko akasimulia kwa Kibena, shemeji yangu Dorosela akamtania kwa Kiswahili, na Jasmine, mtoto wao wa miaka saba, akadakia lugha zote mbili bila kujikwaa.

Wakati huo serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria. Kaka alipeleka viazi Dar es Salaam, akapata uwezo, akamwandikisha Jasmine kwenye shule mpya ya Kiingereza. Siku hiyohiyo akaja na kibao chenye kamba. Yeyote atakayetamka neno lisilo la Kiingereza ndani ya nyumba angekivaa shingoni mpaka mwingine akosee.

Nilipofika likizo kutoka chuo kikuu, nilimwuliza barazani, ambako kibao hakikufika, "Na mama je?"

"Mama atanyamaza. Kiswahili ni viraka, mdogo wangu. Hapa Mwarabu, pale Mhindi. Kiingereza hakijamwomba mtu neno."

"Kaka, unakunywa nini hapo?"

"Tea."

"Neno hilo limetoka China. Na 'sugar' ni la Waarabu, likapitia kwa Wafaransa. Humo kikombeni Kiingereza kina maji na maziwa tu!"

Shemeji akaangua kicheko mle ndani. Kaka akapenyeza mkono dirishani, akamvika kibao. "Umecheka Kiswahili," akasema.

Ndugu zangu, msimwone kaka katili. Aliishia darasa la saba, na mara nyingi alisimama maofisini huku wakubwa wakisemezana Kiingereza mbele yake kama vile hayupo. Hakutaka mwanawe asimame hivyo.

Jasmine akawa mkimya. Kaka akafurahi, akidhani ametulia. Ni mama aliyeona usaha wa sikio kwenye mto wa mtoto. Alisahau kibao, akapiga kelele kwa Kibena, nasi tukakimbilia hospitali.

"Linakuuma tangu lini, mwanangu?" daktari akauliza.

Jasmine akamtazama baba yake, akaziba mdomo kwa kiganja.

Kaka akachuchumaa mbele yake. "Sema, mama. Sema kwa lugha yoyote."

"Tangu wiki ya mtihani," mtoto akanong'ona. "Linauma, halafu linatoa maji. Sikujua kusema hivyo kwa Kiingereza, baba. Nikaogopa kibao."

Kaka alitoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta, analia.

Dawa zilikausha usaha, lakini ngoma ya sikio ilikuwa imeharibika. Mpaka leo Jasmine hasikii upande wa kushoto. Bado anasoma shule ileile, na Kiingereza anakijua vizuri. Kaka hukaa kulia kwake kila jioni, humwuliza kama kuna kinachomsumbua, kisha hungoja mpaka ajibu.

FUNZO

Wazazi, wasomesheni watoto Kiingereza. Ni lugha iliyokua kwa kupokea maneno ya mataifa mengi, kama yetu, na hilo si aibu kwake wala kwetu. Lakini msimnyang'anye mtoto lugha anayoweza kuyasemea maumivu yake. Mtoto anayeogopa kukosea mbele yenu ataumia kimya, nanyi mtauita ukimya huo adabu.