Mgeni Asiyesindikizwa

Kwanza Susu Kalunde alisahau neno la maji.

Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama juu ya mabati na kuku wamelala chini ya mkokoteni. Susu alikuwa barazani kwenye kigoda chake, akichambua mbaazi. Alinyoosha mkono kuelekea mtungi, akafungua kinywa, akakaa hivyo kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kisha akaomba maji kwa Kiingereza.

Binti yake, Mwongeli, alicheka hadi akashika kiuno. "Wee mama! Umeanza kuringa? Mumbua, njoo umsikie susu yako! Ulimfundisha lini?"

Mumbua alitoka chumbani. Hakuwa amemfundisha. Bibi yake hakuwahi kukaa darasani, na nyumba nzima walizungumza naye Kikamba. Alimpa maji. Susu akanywa, akamshukuru kwa Kiingereza tena, kwa adabu ya mtu aliye ugenini.

Mumbua alikuwa amerudi nyumbani Sultan Hamud kuandika tasnifu ya uzamili. Alisomea fasihi ya Kiingereza ya nchi zilizowahi kutawaliwa: jinsi watu walivyoipokea lugha ya mtawala, wakaigeuza, wakasimulia kwayo habari zao wenyewe. Sura aliyoitegemea ilihusu kilumi, ngoma ya akina mama ya kuwaita pepo. Reli ilipopita huku, pepo wa kizungu walianza kuwapanda wanawake. Wanawake waliwaita kwa wimbo, wakawauliza wanataka nini, wakawapa kofia, kiti na tumbaku, wakawachezesha hadi wakachoka, kisha wakawasindikiza kwa wimbo mwingine hadi nje ya boma. Mumbua aliandika kwamba hivyo ndivyo watu wasio na bunduki walivyomtawala mtawala wao. Katika tasnifu yake mzungu huyo hakuwa pepo. Alikuwa istiara. Msimamizi wake, Dakta Kiragu, aliisifu sura hiyo, akataka aone nyimbo zenyewe na tafsiri yake.

Susu alizijua, ingawa tangu abatizwe hakuziimba. Alikataa mara nyingi. Kisha, kwa kuwa mjukuu ni mjukuu, alikuwa amekubali Jumapili moja watu wakiwa kanisani, kabla maneno hayajaanza kumpotea.

"Lakini wimbo huu haukatwi katikati," alionya. "Ukimwita mgeni, umtoe pia."

Aliimba amefumba macho, simu ya Mumbua ikirekodi pajani mwake. Alikuwa amefika pale mgeni anapokaribishwa kiti, ndipo sauti za akina mama wa kanisa zikasikika langoni, Mwongeli akiwatangulia, wakija kunywa chai. Susu akanyamaza. Mumbua akazima simu. Aibu ndiyo iliyoukata wimbo ule. Aibu ya nani zaidi, ni vigumu kusema.

Baadaye Susu alimwambia, "Tumalizie." Akamwambia tena siku nyingine. "Kesho, Susu," Mumbua alijibu, maana alikuwa ameshapata maneno aliyoyahitaji, na siku ya kuwasilisha ilikuwa inakaribia. Alijifungia chumbani akausikiliza wimbo kutwa nzima. Mstari mmoja, anasimamisha, anarudisha nyuma, anatafsiri, anaurudia. Sauti ya Susu ilimwita mgeni, ikamwita, ikamwita.

Baada ya neno la maji lilipotea la moto, kisha la mbuzi, kisha jina la Mwongeli. Hakuna aliyecheka tena. Nyumba ikaanza kunuka koti la sufu lililolowa, na tumbaku ya kiko, katika nchi ambayo haikuwa imeona mvua tangu msimu uliopita. Mchana, watu wakiwa wamejilaza kwa joto, viatu vizito vilipita barazani polepole, na kuku wakatawanyika kama wanaompisha mtu. Mumbua alichungulia. Kiti cha plastiki cha wageni kilikuwa kimevutwa karibu na kigoda cha Susu, miguu yake imepanuka kidogo, kama inavyopanuka kiti hicho mtu mzima akikikalia, na Susu alikuwa amekigeuzia uso, anatikisa kichwa, anasikiliza.

Mchungaji Ndeti aliletwa kuomba. Alipomsikia ajuza akimjibu kwa Kiingereza safi kuliko cha mahubiri yake, alipandisha mikono. "Haleluya! Mama huyu amepewa ndimi!"

"Pasta," Mwongeli alisema, "kama ni za Mungu, mbona ameninyang'anya mama yangu?"

Mchungaji alishusha mikono. Hakuwa mtu mbaya. Aliomba kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini, na Susu akaitikia amina kila palipohitajika, kwa sauti ya kijana wa kiume.

Tangu hapo ilikuwa sauti hiyo tu. Mwongeli hakujua Kiingereza. Aliacha shule mapema, na lugha za kibanda chake cha mbaazi kando ya barabara ya Mombasa zilikuwa Kikamba na Kiswahili. Basi alimketisha Mumbua kati yao, kama mkalimani wa mahakama.

"Muulize kama amekula."

Mumbua aliuliza. Susu alimtazama kwa macho yenye homa, akasema kwamba yeye alikuwa kijana wa kupima njia ya reli, kwamba ugonjwa ulimlaza chini ya mti hapa karibu na wenzake wakamwambia asubiri treni, na kwamba amesubiri, amesubiri sana, na kila akianza kusinzia anasikia mwanamke akimwita kwa upole wote, njoo, keti, mpaka anafika mlangoni na hapo sauti inakatika, na hakuna anayemwambia aingie wala aende, naye anaona baridi, na angependa kujua, kama si usumbufu, ni nani aliyemwita.

"Anasema nini?" Mwongeli alinong'ona.

"Anasema ameshiba, mama."

Mwongeli alimtazama binti yake. Kisha akainuka, akamletea Susu shuka, kwa maana aliona tu kwamba anatetemeka.

Kutoka mbali, kwenye reli mpya iliyo juu ya nguzo, treni ilipita bila kusimama. Susu alijiinua nusu, akaketi tena.

Siku hiyo hiyo Mumbua alimwendea Kavata, aliyekuwa akimpigia Susu ngoma enzi za ujana wao. Siku hizi alikuwa mhudumu wa kanisa, anavaa ukanda wa bluu na kuwaonyesha watu viti. Mumbua alimsimulia yote.

"Mliukata?" Kavata aliuliza. "Ngai! Na simu ikawa inamwita kila siku?"

"Sikujua, Susu Kavata. Niimbie mwisho wake. Nitaushika."

"Mimi nilikuwa wa mikono, mwanangu. Maneno yalikuwa ya Kalunde, na sasa Kalunde hana maneno." Alichezea ukanda wake. "Nilisikia tu kwa wakubwa kwamba mgeni akikosa wimbo, hutolewa na mtu. Mtu anampa mahali pa kukaa. Sijui vizuri. Nisikudanganye."

"Mahali gani?"

"Pale alipokaa kwa Kalunde. Kinywani."

Mumbua aliwaza njiani kote. Kiingereza cha mgeni alikuwa nacho tayari. Alikisoma, alikiota, alipata tuzo kwacho. Ajuza alinyang'anywa lugha kwa sababu alikuwa na moja tu. Yeye alikuwa na kadhaa. Aliona kwamba hasara itakuwa ndogo, na kwamba ni haki iwe yake.

Walifanya hivyo Jumapili alasiri, kwaya ya kanisa la ng'ambo ya barabara ilipokuwa ikifanya mazoezi, ili mlio wa ngoma upotee ndani ya vinanda. Ngoma zenyewe zilichomwa zamani, siku ya ubatizo. Kavata alipiga mtungi mtupu wa plastiki, ukanda wake wa bluu ameuficha mfukoni. Mwongeli alisimama mlangoni akilia bila sauti. Mumbua alipiga magoti mbele ya Susu, akamshika mikono, akamwambia mgeni kwa Kiingereza, "Ni mimi niliyekuita. Nisamehe. Njoo huku."

Mtungi ulilia, na harufu ya sufu mbichi ikajaa chumba hadi Kavata akakohoa, lakini mikono yake haikusimama, ilikumbuka jambo ambalo yeye mwenyewe alilikana mbele ya mchungaji, na viatu vikatoka kwenye kigoda, kimoja, kisha kingine, vikavuka sakafu ya simenti vikiacha unyevu uliokauka pale pale, na Mumbua akahisi baridi ya vidole midomoni mwake, vidole vya mtu anayebisha hodi kwa woga asije akawasumbua wenye nyumba, naye akafungua kinywa, na kwaya kule ng'ambo ikafika mwisho wa wimbo wake, na kukawa kimya.

Susu aliita, "Mwongeli!"

Aliliita jina lenyewe, kwa sauti yake mwenyewe kavu. Akaomba maji, akalalamika kwamba mbaazi hazijachambuliwa, akamuuliza Kavata kwa nini anapiga mtungi wa watu kama mwendawazimu. Mwongeli alimwangukia shingoni. Kavata alicheka, akafunga ukanda wake, akafuta machozi nao.

Kisha Susu akamgeukia mjukuu wake, akasema jambo refu, laini, akimpapasa shavu.

Mumbua alisikia sauti. Ilikuwa nzuri, kama mvua kwenye mabati ya jirani. Hakuna neno hata moja lililoingia ndani.

"Mama," alisema kwa Kiswahili, polepole, "Susu anasema nini?"

Mwongeli alidhani ni mzaha. Alipouona uso wa binti yake, alishika ukuta.

"Anauliza kama umekula."

Tasnifu iliwasilishwa kwa wakati. Dakta Kiragu alisema hajasoma Kiingereza kizuri namna hiyo kutoka kwa mwanafunzi wake yeyote, ila kimekuwa cha kizamani kidogo. Mumbua huja nyumbani kila likizo. Kiswahili nacho kimeanza kumponyoka, neno moja moja, na huketi barazani amevaa sweta katika jua kali, ameelekeza uso upande wa reli.

Kila jioni akiwapo, Susu humwimbia ule mwisho wa wimbo, mzima, asiruke hata mstari. Lakini wimbo ule una mwitikio wa Kikamba, na anayetakiwa kuitikia ni yule aliyembeba mgeni. Mumbua hujaribu. Maneno ya Susu humfikia na kumwagika. Jana alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kitu kwa Kiingereza, kwa adabu, kwa sauti iliyokuwa nzito kidogo kuliko yake. Neno moja tu Mwongeli alilitambua, kwa kulisikia sana siku zile mgeni alipokuwa kwa Susu: wimbo.

"Anasema nini?" Susu aliuliza.

"Nadhani anauliza huo wimbo unahusu nini, mama."

Susu alilaza mikono yake mapajani.

"Mwambie ni wa kumtoa mgeni. Mwambie asiogope, tutaumaliza."

Mwongeli alimwambia, kwa Kiswahili cha polepole. Hakujua anamwambia nani.